Hasi ya Mbele

Ambakisye Mwaikenda alijua kulala. Alijua tangu ujana wake, kabla hata Bweni halijajengwa. Alilala kwenye mikutano ya kijiji, akalala kanisani, na siku ya harusi yake mwenyewe alisinzia mpaka kichwa kikaangukia bega la mshenga, bibi harusi akiwa amekaa palepale na shela lake. Kwa hiyo madaktari walipomwambia mkewe, Mwalimu Tusekile, kwamba mumewe itabidi agandishwe na kulazwa mpaka dawa ya mapafu yake ipatikane, mama huyo alilia, akapenga kamasi, kisha akasema, "Haya. Angalau mmempa kazi anayoiweza."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Dawa ilipatikana mwaka jana. Na asubuhi ya Jumanne hii ninayoisimulia, saa tatu, Mwalimu Tusekile alikuwa akipanda ngazi za Bweni chini ya mlima Rungwe, mvua ikimpiga mgongoni kana kwamba ina ugomvi naye. Mlinzi akamfungulia mlango.

"Ugonile, mwalimu?"

Ndivyo watu wa huko wanavyosalimiana asubuhi: umelala? Mlangoni pa nyumba yenye watu mia tatu waliogandishwa, salamu hiyo ilikuwa utani uliokwisha zeeka, lakini hakuna aliyeuchoka.

"Mimi nimeamka," alijibu mwalimu. "Waulize hao walioko ndani."

Alikuwa ameitwa kwa kazi. Zamani mashine ya Bweni ilipima na kupanga yenyewe nani aamshwe lini, na ndugu wakiuliza kwa nini fulani ametangulia, iliwajibu kwa kurasa mia nne. Watu wakachachamaa. Ikatungwa sheria ambayo mpaka leo imeandikwa kwa rangi juu ya mlango: MASHINE IPIME, MTU APANGE. Mashine huandika namba kwenye kadi, basi, kazi yake imekwisha. Mpangaji huzipanga kadi kwa mkono. Kisha ndugu mmoja wa waliolala, aliyepatikana kwa kura, huzipitia na kutia sahihi. Huyo huitwa jicho la pili, na safari hii kura ilikuwa imemwangukia Mwalimu Tusekile. Yeye ndiye angesoma orodha mbele ya ndugu wote siku ya Alhamisi, na jioni hiyohiyo mtu wa kwanza angeingizwa Kiotani, kile chumba kimoja tu cha kupashia watu joto kwa mvuke wa mlima. Mtu mmoja hukaa humo siku arobaini. Na ukishaanza kumpasha joto hakuna kughairi, kwa sababu mwili ukishayeyuka haurudishwi kwenye barafu.

Mpangaji alikuwa Sekela Mwambene, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye Tusekile alimfundisha darasa la saba. Leo alikuwa amesimama nyuma ya meza, anatabasamu mpaka masikioni.

"Shikamoo, mwalimu. Kaa."

"Marahaba. Nitakaa, mwanangu, ngoja nikung'ute mwavuli."

"Acha mwavuli. Kaa kwanza, usije ukaniangukia hapa."

Akamsogezea kadi ishirini na nne zilizopangwa vizuri, watu ambao dawa zao zilikuwa tayari. Kadi ya juu kabisa iliandikwa: Ambakisye Mwaikenda, −8.4 × 10⁻⁹.

Mwalimu Tusekile aliisoma mara mbili. Halafu akaivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akasoma mara ya tatu. Kisha kikamtoka kicheko ambacho katikati yake kiligeuka kilio, na Sekela akazunguka meza akamkumbatia, wakawa wanalia wote wawili kama watoto walionyang'anywa muwa.

"Alhamisi," Sekela alisema. "Alhamisi jioni anaingia Kiotani. Mwambie bibi."

Bibi! Hapo ndipo moyo wa Tusekile ulipopiga kweli. Mama mkwe wake, Bibi Gwantwa, alikuwa na miaka tisini na mmoja, na daktari alikwisha sema moyo wa bibi umebakiza mwaka, tena mwaka huo ukiwa mkarimu. Kila siku ajuza huyo alitangaza kwamba hafi mpaka amwone mwanawe amekaa anakula. "Nikishamwona, mnaweza kunizika jioni yake," alisema. "Lakini msithubutu kabla." Siku arobaini bibi angezifikisha. Tusekile alikuwa na hakika hiyo.

Basi akaketi kuzipitia kadi zilizobaki, akiwa bado anapenga kamasi, kwa sababu kazi ni kazi.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya namba hizo, na asiyependa hesabu anivumilie. Mashine hupima akiba ya uhai wa aliyelala, inaongezeka au inapungua kwa sehemu gani kila siku. Anayeongezeka huandikiwa chanya. Anayepungua huandikiwa hasi. Na kwa kuwa mmoja hupungua kwa sehemu za elfu na mwenzake kwa sehemu za bilioni, ukiandika sifuri zote hizo kadi haitoshi. Kwa hiyo huandikwa kisayansi: tarakimu, mara kumi, na juu ya hiyo kumi kipeo kidogo kinachosema nukta imehamishwa mara ngapi. Watu wa Bweni walikuwa na majina yao. Alama ya kutoa iliyo mbele ya tarakimu waliiita hasi ya mbele, na ile iliyopanda kwenye kipeo waliiita hasi ya juu. Hasi ya juu inasema kiasi chenyewe ni chembe tu. Hasi ya mbele inasema mtu huyu anazama. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye anayezama upesi kuliko wote, na ndiye wa kuamshwa kwanza.

Tusekile alifika kadi ya kumi na saba, ya mwisho miongoni mwa hasi. Abisai Tweve, −3.1 × 10⁻³. Chini yake ilikuwa kadi ya kumi na nane, ya kwanza miongoni mwa chanya: 5.0 × 10⁻⁸.

Mkono wake ukasimama. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na jicho la mwalimu haliombi ruhusa. Akairudia kadi ya kumi na sita: −2.2 × 10⁻³. Ya kumi na tano: −1.9 × 10⁻³. Akarudi juu kabisa kwa mumewe. 

"Sekela."

"Abee, mwalimu."

"Huyu Tweve na huyu wangu, nani anapungua upesi?"

"Tweve," Sekela alijibu bila kufikiri. "Anapoteza sehemu tatu na ushee katika elfu, kila siku. Baba Ambakisye hata huwezi kuona kama anapungua."

"Sasa nani aamshwe kwanza?"

"Mwenye namba ndogo. Ambaye ni..."  Akazitazama kadi.

"Ulizipangaje, mama?"

"Kama ulivyotufundisha." Sauti yake ilikuwa imepungua. Akauimba polepole, wimbo ambao Tusekile mwenyewe aliutunga, na ambao watoto wa darasa la saba waliuimba uwanjani wakiwa wamening'iniza kadi shingoni, wakisukumana kutafuta nafasi zao katika mstari:

*Anza na kipeo, acha tarakimu;*
*kipeo kidogo, ndiwe mwenye zamu!*

Tusekile aliufumba mkono wake juu ya meza. Aliikumbuka siku ile. Jumatatu watoto walijipanga kwa namba chanya, wakacheka, wakaelewa. Jumanne ilikuwa zamu ya hasi: wote wavuke mstari wa sifuri, wageuke, na wimbo ugeuzwe. Jumanne hiyo mwalimu hakufika shuleni. Alikuwa hapahapa Bweni, ameushika mkono wa Ambakisye mpaka ulipopoa. Aliporudi baada ya wiki mbili aliuliza kama wamekwisha fundishwa hasi, darasa zima likaitikia "Ndiyoo!", kwa vile watoto huitikia ndiyo kwa lolote, na mtihani ulikuwa unakaribia. Akaendelea na pembe.

"Si kosa lako," alisema.

"Ni langu, mwalimu. Baadaye nilifundishwa, sekondari, chuoni, kote. Hasi nazijua. Lakini kadi zikiwa mkononi mimi huimba tu, sifikiri. Halafu nilipoona jina la baba limekuja juu..." Sekela alijifuta pua kwa kiganja. "Nilifurahi mno. Ningekuwa sijafurahi, ningezikagua tena."

Mwalimu alivuta kiti karibu yake. Wengine wangefoka. Yeye alichukua kalamu akachora kisima.

"Tazama. Mdomo wa kisima ni sifuri. Chanya wako juu, nje, kwenye majani. Huko wimbo wetu ni sawa, mwenye kipeo kidogo ndiye wa chini. Lakini hasi wako ndani ya kisima, kila mmoja kwenye ndoo yake. Kipeo ni urefu wa kamba. Huyu wangu kamba yake ni fupi kuliko unywele, yuko palepale mdomoni. Tweve kamba yake ni ndefu. Nani yuko chini?"

"Tweve."

"Na vipeo vikilingana? Tweve na yule wa mbili nukta mbili?"

"Mwenye tarakimu kubwa ndiye wa chini zaidi. Tweve tena." Sekela alikuwa tayari anazigeuza kadi. Haikuwa kazi kubwa. Zile kumi na saba zilipinduliwa tu, wa mwisho akawa wa kwanza, na chanya saba zikabaki zilivyo. Ambakisye Mwaikenda akawa wa kumi na saba.

Wakapiga hesabu, na hesabu yenyewe haikuhitaji mashine. Tweve alikuwa na akiba ya siku mia tatu na ishirini hivi. Katika orodha ya kwanza zamu yake ingefika baada ya siku mia sita na arobaini. Angekufa ndani ya barafu, na wale wawili waliokuwa karibu naye vilevile. Watu watatu, kwa wimbo wa watoto.

Na sasa siku hizo mia sita na arobaini zilikuwa za Ambakisye. Yeye angezimaliza bila wasiwasi. Mama yake ndiye asiyekuwa nazo.

Sekela ndiye aliyesema, tena kwa kunong'ona, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine. "Mwalimu. Walio hatarini ni watatu tu. Tukiwatanguliza hao watatu, halafu tukamweka baba wa nne, nani atakufa? Nimeangalia. Hakuna. Wa nne hasi yake ni ya kipeo hasi nne, ana akiba ya siku elfu moja. Wote watasogea siku arobaini tu. Wewe ni jicho la pili. Ukitia sahihi, hakuna atakayejua."

Siku mia moja na sitini, pamoja na zake za Kiotani. Bibi Gwantwa angezifikisha. Mwalimu Tusekile alitaka kusema hapana, na jambo baya ni kwamba hapana haikuja. Alisema, "Nipe mpaka kesho," akachukua mwavuli wake akatoka.

*

Alishuka kwanza kwenye ukumbi wa vitanda. Ambakisye alikuwa nyuma ya kioo chake, ndevu zilezile, mdomo wazi kidogo kama kawaida yake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili alipolazwa na bado alikuwa nayo hiyohiyo. Tusekile alikuwa amemzidi sasa kwa miaka tisa, jambo ambalo lilimchekesha siku njema na kumuuma siku mbaya.

"Wewe mwanamume," alimwambia, "umeniweka pabaya. Hata ukiwa umeganda unaniweka pabaya."

Akasimama pale. Alimpenda. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema na sitamtafutia. Alimpenda kwa zile kofia zake mbovu, na kwa jinsi alivyokuwa akimsahihishia madaftari ya wanafunzi akakosea, naye Tusekile akalazimika kuyasahihisha upya.

"Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kisha akajijibu, kwa kuwa ndoa ya miaka ishirini hukufundisha majibu ya mwenzio. "Ungesema kamuulize mama. Kila kitu kamuulize mama. Mzee mzima!"

Lakini ndipo alipokwenda.

*

Bibi Gwantwa alikuwa jikoni anamenya ndizi mbalaga, kisu kikienda upesi kuliko macho yake. Tusekile hakutoa shikamoo vizuri. Aliketi kwenye kigoda akasema yote, moja kwa moja, kuanzia furaha ya asubuhi mpaka ule mnong'ono wa Sekela, kwa sababu alijua akianza kupamba atadanganya.

Bibi aliendelea kumenya. Masimulizi yalipofika kwenye kisima akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hafi?"

"Hafi, mama. Kwa namba ile anaweza kulala miaka laki tatu."

"Huyo!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Ningeshangaa angekuwa na namba nyingine. Nilikuwa nammwagia maji kumwamsha aende shule."

Kisha akakiweka kisu chini. Alizitazama ndizi zilizokuwa kwenye beseni, nyeupe, zinaanza kuwa nyeusi kingoni.

"Na mimi namba yangu ni ngapi?"

"Yako haijapimwa, mama."

"Usinifanye mtoto, mkamwana wangu. Ni hasi. Kipeo chake tu ndicho sikijui, na daktari anakijua, na wewe unakijua."

Tusekile aliushika mkono wa bibi, wenye utomvu wa ndizi. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka kumi na mmoja, wao wawili tu na kuku. Watu wanasema mama mkwe ni nyoka. Huyu wake alikuwa akimwekea chai chini ya kawa kila asubuhi, na kumtukana kwa kuchelewa kuinywa.

"Ninataka akuone," alisema hatimaye. "Ninataka ukae naye hapa, umgombeze. Siku mia moja na sitini, mama. Unazo. Hakuna atakayekufa kwa ajili yetu."

"Huyo wa nne ni nani?"

"Sijui. Kadi ina jina. Mama mmoja wa Kyela."

"Ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Na wa tano? Anangojwa na nani? Huyo anayemngoja ana miaka mingapi, moyo wake ukoje?"

"Sijui."

"Watu kumi na watatu," alisema Bibi Gwantwa, ambaye hakwenda shule hata siku moja lakini kutoa nne kwenye kumi na saba hakumshindi mtu. "Siku arobaini za kila mmoja. Inawezekana mmoja wao ana bibi kama mimi anayehesabu, na hizo arobaini ndizo anazopungukiwa. Utajuaje? Hutajua. Mimi sijawahi kula cha mtu, Tusekile. Sina meno ya kuanzia sasa."

"Mama..."

"Usinipe siku za watu." Akachukua kisu.  "Lia kama unalia, lakini menya huku unalia. Zinaharibika hizi."

Basi wakamenya, wote wawili wakilia, na mchana ulipofika ndizi ziliiva na zilikuwa na chumvi kupita kiasi.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kila aliyelala alikuwa na ndugu zake, na kila ndugu alikuja na wengine. Sekela alikaa mezani na daftari kubwa mbele yake, macho yamevimba. Mwalimu Tusekile alisimama na kadi mkononi. Bibi Gwantwa alikaa kiti cha mbele kabisa, amejifunga kanga mpya aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya kumpokea mwanawe, na alipoulizwa na jirani kwa nini ameivaa leo alijibu kwamba nguo ni ya kuvaliwa.

Kabla ya kusoma, mwalimu alieleza. Sheria haikumtaka aeleze, lakini alisema orodha ya kwanza ilipangwa kinyume, kwamba kosa lilitokana na wimbo alioutunga yeye, kwamba katika orodha hiyo mumewe alikuwa wa kwanza na katika hii ni wa kumi na saba, na kwamba atakayetaka kuzihakiki kadi aje azihakiki sasa hivi. Watu wakaguna. Wachache wakaja, wakazishika kadi, wakazisoma kwa vidole, wakarudi kukaa. Mzee mmoja alimgusa bega akapita.

Utaratibu wa kusoma ulikuwa huu. Jina likitajwa, mmoja wa ndugu husimama akasema "Nipo." Huyo ndiye mpokeaji. Maana joto peke yake halimwamshi mtu. Katika zile siku arobaini lazima mtu akae Kiotani kila siku akizungumza na aliyelala, mwili ukipanda kuifuata sauti. Jina hutajwa mara tatu. Asiye na wa kumwitikia hushuka mwisho wa orodha mpaka apatikane mtu, na mwisho wa orodha ya siku ile ulikuwa mbali kuliko akiba ya baadhi yao.

"Wa kwanza," alisoma Tusekile. "Hasi tatu nukta moja, mara kumi kipeo hasi tatu. Abisai Tweve, fundi redio, wa Makete."

Hakuna aliyesimama. Watu waligeuza vichwa, wakitafutana.

"Abisai Tweve."

Mtoto mchanga alilia mahali fulani nyuma, akanyamazishwa. Sekela alikuwa amekwisha fungua ukurasa wa daftari, anautazama, na Tusekile aliona usoni mwake kwamba ukurasa ule haukuwa na habari njema. Akavuta pumzi. Kumbe wangeweza kumtoa mtu huyu mwisho wa mstari, wakalia machozi yote yale jikoni, na bado arudi palepale kwa kukosa sauti moja tu.

"Abisai Tweve," alisoma mara ya tatu, polepole kadiri alivyoweza, akilivuta lile jina lisiishe.

Kiti cha mbele kililia kwenye sakafu. Bibi Gwantwa alikuwa anainuka, mkono mmoja kwenye bega la jirani, mwingine kwenye fimbo. Ilimchukua muda. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Nipo," alisema.

Sekela alimtazama mwalimu, kisha bibi. "Bibi, samahani. Ni lazima niandike. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Bibi..." Msichana aliushika ukurasa kwa vidole viwili. "Hapa imeandikwa mama yake alifariki. Miaka sita sasa."

"Ndiyo maana nimesimama mimi," alisema Bibi Gwantwa. "Andika, mwanangu, miguu inauma."

Sekela akaandika. Mwalimu Tusekile aliiweka chini kadi ya kwanza, akaifuta miwani yake, na akasoma jina la pili.